Maji Yalimkataa Rhéal

Jambo hili lilimpata Rhéal Courchesne, jirani wa mama yangu, kule kaskazini mwa Ontario ambako watu wanakula kwa jasho la mashimo ya nikeli na tanuru za kuyeyushia mawe. Siku hizi moshi wa tanuru hauachwi upotee. Hugeuzwa tindikali, ikajazwa kwenye mabehewa ya tangi na kupelekwa kusini. Kazi ya Rhéal ilikuwa kuyajaza mabehewa hayo. Mwenzake wa zamu aliitwa Aarne Kivelä, Mfini mrefu, mtaratibu, ambaye hata wakati wa kula hakuvua kofia.

Walipenda kutaniana. Aarne alimwita Rhéal "baba paroko" kwa sababu hakosi misa. Rhéal naye alisema Mfini akitamka maneno matatu kwa siku moja, usiku anashikwa na homa.

Siku yenyewe ilianza vizuri tu. Ilikuwa Januari, jua linawaka bila joto, theluji inameta mpaka macho yanauma. Behewa lilikuwa limeshasogezwa kwenye jukwaa. Pale jukwaani kuna sheria inayozizidi zote: kabla hujagusa mpira wa kupitishia tindikali, vuta mnyororo wa shawa ya dharura, uone maji yakitoka kwa macho yako. Tindikali ile ikikupata, mkombozi wako ni maji, mengi na upesi. Ila wakati wa baridi kali, ukiivuta shawa sakafu inageuka barafu, na ni wewe utakayeinama kuikwangua na kumwaga chumvi. Rhéal alisimama chini ya shawa, akautazama mnyororo. Mkono haukunyanyuka.

Aarne alikuwa juu ya behewa, ameshavaa ovaroli ya mpira na glavu. Akauliza bila kugeuka:

"Maji umejaribu?"

"Yapo."

"Yanatoka?"

"We Mfini, si nimeshakwambia yapo? Funga mpira, kahawa inapoa."

Aarne akacheka kidogo. Akashusha kinga yake ya uso, akaendelea na kazi.

Behewa lilijaa salama. Walipofika kwenye kuufungua mpira, kumbe ndani yake kulikuwa na msukumo uliobaki. Kiungio kikafyatuka. Tindikali ikamrukia Aarne shingoni, ikapenya chini ya kinga, ikateremka ndani ya kola. Hakupiga kelele. Alishuka ngazi macho yamefumbwa, maana njia aliijua. Akapapasa. Akaupata mnyororo, akauvuta.

Chuma kikalia. Maji hakuna.

Akavuta tena. Kisha akafumbua macho, akamtazama Rhéal.

Rhéal alimrundikia theluji, akamkokota hadi shawa nyingine, ng'ambo ya reli. Ilikuwa mbali. Aarne alifia katika hospitali ya majeraha ya moto huko kusini, na mpaka anakata roho hakuwa amemwambia mtu lolote.

Wachunguzi walipokuja, Rhéal alisema shawa aliijaribu na maji yalitoka, bila shaka bomba liliganda baadaye. Wakamwamini. Kisha akaongeza neno ambalo hakuna aliyemuuliza: kwamba Aarne siku hiyo alikuwa na haraka. Aarne, mtu ambaye hakuwahi kuwa na haraka tangu azaliwe. Msimamizi wao, mwanamke aliyeitwa Doreen, akamshika bega kwa huruma, akamwambia akapumzike. Kiganja kile kilimchoma. Heri angezabwa kofi. Na alipofika nyumbani akakuta Lempi, mjane wa Aarne, amemletea mkate wa iliki, shukrani kwa kumkokota mumewe kwenye theluji. Mkate ule ulikaa mezani mpaka ukaota ukungu. Hakuweza kuula, wala kuutupa.

Akarudi kazini. Shawa ilikuwa imeshatengenezwa. Mchana mmoja taa nyekundu ikawaka ofisini, ile inayowaka mtu akivuta mnyororo. Wakakimbilia jukwaani. Hapakuwa na mtu. Mnyororo ulikuwa umevutika chini, umekaza kabisa, kama umeshikwa, na maji hayatoki. Doreen akaugusa, maji yakamwagika. Wakapumua. Rhéal naye akaugusa.

Maji yakakata.

"Hebu shika tena," Doreen akasema kwa sauti ndogo.

Akashika. Kavu. Doreen akashika. Maji. Hakuna aliyetania. Wote walikuwa wakiutazama mkono wa Rhéal.

Nyumbani ikawa hivyo hivyo. Mkewe, Huguette, akifungua bomba, maji yanatiririka. Rhéal akisogeza mikono, yanakoma. Akamdanganya mkewe kwamba mgongo unamsumbua, awe anamwekea ya kunawa kwenye beseni. Mwanzoni ya beseni yalimvumilia. Baadaye nayo yakabadilika. Akiingiza vidole, yanajivuta. Yanapanda kwenye kingo. Katikati panabaki pakavu, peupe. Akiinua bilauri, inafika mdomoni tupu. Maziwa yalishuka. Bia ilishuka. Maji hapana. Midomo ikampasuka, ngozi ya mikono ikaanza kupukutika kama magamba, naye kila akifumba macho aliona yale macho mawili chini ya shawa. Hayakuwa na hasira. Yalikuwa yanamuuliza.

Ikafika Jumapili. Kanisani, mlangoni, pana bakuli la marumaru la maji ya baraka. Kwa mazoea tu, Rhéal akachovya vidole. Ikasikika sauti. Fyuuu, kama mtu mwenye kiu anayefyonza. Bakuli likakauka. Nyuma yake alikuwepo bibi mmoja wa pale mtaani. Naye akachovya, akapata vumbi. Bibi akamtazama usoni, muda mrefu. Akapiga ishara ya msalaba kwa vidole vikavu, akaenda kukaa mbali. Neno likatembea kanisa zima kwa minong'ono. Benchi lao likabaki na watu wawili.

"Umefanya nini, Rhéal?" Huguette alimnong'oneza.

Aibu ilimjaa mpaka masikio yakavuma. Misa ikiendelea, akainuka, akatoka mbele za watu wote, akaenda moja kwa moja kwa Lempi.

Alimkuta nyuma ya nyumba, anawasha sauna, kile chumba cha mvuke ambacho Mfini hawezi kuishi bila kuwa nacho. Kando yake palikuwa na ndoo, ametoka kuijaza maji. Akamwomba amsaidie kuiingiza. Rhéal akaiinua. Ilikuwa nyepesi. Wote wawili wakachungulia ndani, wakaona sakafu ya ndoo.

Lempi hakushtuka. "Ingia ukae," akasema.

Wakakaa kwenye benchi la mbao, makoti mwilini, yeye ncha hii, Rhéal ncha ile. Katikati ilibaki nafasi ya kumtosha mtu mrefu.

"Shemeji, sikuvuta mnyororo."

Mawe ya jiko yakatatarika kwa joto.

"Aliniuliza mara mbili. Nikamwambia yapo. Nilikuwa naona uvivu kumwaga chumvi."

Benchi likalia katikati yao. Lililia kama linavyolia mtu akikaa. Rhéal hakugeuka. Alihisi ubao ukibonyea kuelekea upande wake.

"Na wachunguzi ukawaambia alikuwa na haraka," Lempi akasema.

"Niliwaambia."

Lempi akainuka, akachukua kata, akaichovya kwenye ndoo ile tupu waliyoingia nayo. Ikatoka imejaa. Akaisogeza mdomoni mwa Rhéal, naye akanywa, machozi na kamasi vikichuruzikia humo humo. Kata ilipokwisha, Lempi akamwambia taratibu:

"Sijakusamehe. Nimekupa maji tu. Maji hata mbwa hupewa. Kesho nenda ukawaambie na wenzake kazini."

Kesho yake Rhéal alisimama mbele ya zamu nzima, akasema yote. Doreen alisikiliza mpaka mwisho, akaomba kofia yake ya kazi, akaipokea bila kumtazama. Kazi ikaishia hapo. Maji yalimrudia, anaoga, anakunywa kama watu wengine. Ila akiingia dukani watu hunyamaza, naye hununua vyake huku ametazama chini.

Mtu angedhani yameisha. Lakini jioni ile ya Jumapili, Rhéal alipokwisha kuondoka, Lempi aliingia kusugua benchi. Katikati, kwenye ukingo wa ubao, akakuta alama mbili nyeusi. Viganja. Vidole vimekunja ukingo, kama vya mtu aliyekaa akijikaza kwa maumivu. Ubao ulikuwa umeungua bila moto. Doreen alipoitwa aliinama, akaangalia, akasema tindikali ndivyo inavyofanya mbao. Akaondoka hata kahawa hakunywa.

Mama yangu ameziona alama hizo, nami nimeziona. Lempi hataki benchi libadilishwe.

Mwaka huu zimekuwa jozi mbili. Hizi mpya zimesogea kwenye ncha aliyokaa Rhéal. Yeye hajaambiwa.