Koja la Asumini kwa Bi Mwanakuu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Maleka alipangusa vumbi gramafoni ya dukani kwa baba yake, Bwana Noormohamed, katika Mji wa Kale, Mombasa. Ilikuwa miaka michache baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Redio zilikuwa za kuhesabika, na aliyetaka wimbo alinunua santuri.

Duka hilo lilikuwa na desturi yake. Kila mwisho wa mwezi, santuri iliyopendwa kuliko zote ilipigwa mlangoni, mtaa mzima usikie, na gramafoni ikavishwa koja la maua ya asumini. Miezi nenda miezi rudi, koja lilikwenda kwa nyimbo za Misri na za Bara Hindi. Mwezi huu, ajabu! Santuri ya Bi Mwanakuu, mwimbaji wa mtaa huo huo, ilinunuliwa mpaka ikabaki moja tu. Maleka alivimba kichwa utadhani kaimba yeye.

"Hii usiipige ovyo," baba alimwonya. "Na upigapo yoyote, badilisha sindano ya gramafoni kila upande wa santuri. Sindano iliyochoka hula santuri."

"Naam, Baba."

Naam hiyo ilikuwa ya mdomoni tu. Ijumaa jioni, baba alipokwenda kuswali, Afaf, rafiki yake Maleka, alikuja mbio. "Nipigie ya Bi Mwanakuu, shoga!" Wakaipiga, wakairudia, wakacheza mpaka jasho likawatoka, kwa sindano ile ile. Kufungua kopo la sindano kila mara waliona ni kujikatizia raha.

Kesho yake alasiri, siku ya koja, watu walijaa mlangoni. Bi Mwanakuu mwenyewe alikaribishwa ndani, akaketi na buibui lake, akitabasamu. Bwana Noormohamed akaiweka santuri. Loo! Badala ya sauti tamu ikatoka mikwaruzo, kama mtu anayesugua sufuria kwa mchanga.

Bwana Aidarus, mpenzi mkubwa wa nyimbo za Misri, aliangua kicheko. "Si niliwaambia? Santuri za Kiswahili hazidumu! Koja lirudisheni kwa wenyewe!"

Watu wakaanza kuguna. Bi Mwanakuu aliinamisha uso, na Maleka alipomwona, moyo ulimuuma. Angenyamaza, hakuna ambaye angemshuku. Lakini jina la Bi Mwanakuu lingechafuka mji mzima, na kosa si lake.

"Santuri si mbovu!" alisema, akisogea mbele. "Ni mimi. Jana niliipiga tena na tena bila kubadilisha sindano. Nisamehe, Bi Mwanakuu. Nisamehe, Baba."

Baba alimkazia macho, kisha akawageukia watu. "Mmesikia wenyewe. Yangu imeharibika. Aliye na santuri hii nyumbani, tafadhali atuazime."

Afaf, naye ameona haya, alitimua mbio kugonga milango. Haukupita muda, majirani wakaanza kuja. Fundi cherehani na yake, muuza kahawa na yake, bibi mmoja kaificha ndani ya kanga isiingie vumbi. "Chukueni yangu!" "Aa, yangu bado mpya!" Wakasukumana mlangoni. Wa mwisho alikuwa Mona, bintiye Bwana Aidarus.

"Baba, nimeleta yako," alisema. "Ile unayoipiga ukidhani tumelala."

Mtaa mzima ulivunjika mbavu. Bwana Aidarus alijikuna kidevu, halafu akacheka na yeye.

Maleka aliiweka hiyo, akatia sindano mpya, na sauti ya Bi Mwanakuu ikajaa kichochoro chote. Gramafoni ikavishwa koja. Watu waliitikia kwa fahari, maana wimbo ulikuwa wao. Bi Mwanakuu alifuta machozi, akamvuta Maleka karibu.

"Mwanangu, unachojivunia kitunze," alisema. "Na ukikiharibu, sema mwenyewe, asije mwingine akabeba lawama yako. Leo umenirudishia jina langu."

"Haya," baba alisema, uso umemlainika, "watu wanataka upande wa pili."

Maleka alianza kwa kufungua kopo la sindano.