WIFI YANGU ALIMWAGA VIDONGE VYA MIFUPA VYA MAMA MKWE CHOONI

Niliingia chooni nikamkuta wifi yangu anamwaga dawa za mama mkwe.

Zote! Vidonge vya kalsiamu alivyoandikiwa na daktari... chubwi, chubwi, chubwi!

Na aliyekuwa ameshika kopo, huku anacheka, ni mume wangu wa ndoa!

"Wilberth! Mnafanya nini?!"

"Punguza sauti, Nereida. Dada anamsafisha mama."

Anamsafisha! Kwani mama amekuwa sufuria?

Jamani, ngoja niwaeleze, maana najua wengi wenu mmeshaiona ile video ya bibi anayecheza jarana, ngoma ya kwetu, na sinia la glasi kichwani. Bibi yule ni mama mkwe wangu, Doña Addy. Tunaishi Motul, Yucatán, huku Mexico. Na mnachoambiwa kuhusu mifupa yake ni uongo mtupu.

Doña Addy aliteleza uani, mkono ukavunjika. Daktari akasema mifupa imekwisha. Akaandika vidonge, maziwa, na kutembea juani asubuhi. Akaonya kuwa akianguka tena itakuwa nyonga, na wazee wengi wakivunjika nyonga hawasimami tena.

Basi binti yake akafunga safari kutoka Tulum kuja kumuuguza.

Huyo binti tulimzoea kwa jina la Leydi. Leydi Pech, aliyekuwa akiuza viatu pale karibu na soko. Sasa eti anaitwa Luz de Jade! Anavaa shanga mpaka kwenye vifundo vya miguu, anaongea kwa kunong'ona kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto, na ana wafuasi kwenye simu wanaomwita Mwalimu.

Anafundisha nini? Kutopika.

Ndiyo! Watu wazima wanasafiri kwenda kufundishwa kutopika!

"Moto unaua chakula," akatuambia siku ya kwanza, mkono kifuani. "Mama atakula mimea mibichi tu. Hakuna maziwa, hakuna maharage, hakuna tortilla."

"Na kalsiamu ataipata wapi, wifi?"

Akanitazama kwa huruma. Ile huruma ya kukuona mjinga.

"Kwani tembo anakunywa maziwa?"

"Mama mkwe si tembo."

"Spinachi, wifi. Lozi. Na chaya. Chaya ina kalsiamu kuliko maziwa yako ya pakiti."

"Mbichi?"

"Mbichi."

Nyie mlio mbali hamuwezi kujua, lakini hapa kwetu chaya iko kila ua, na hakuna mtoto asiyejua kuwa majani yake ni lazima yachemshwe, maana yakiwa mabichi yana sumu. Leydi amekula chaya ya kuchemsha toka anaota meno. Alipopata shanga, akasahau!

Kila asubuhi akawa anasaga yale majani na nanasi, anamimina glasi mbili za kijani, yake na ya mama. Yake anakunywa mpaka tone la mwisho huku kafumba macho.

Ya mama... Doña Addy alikuwa anainywesha maua ya dirishani binti akifumba macho. Hahaha! Yule mama ana mambo.

Lakini kumwaga juisi si kula. Mama alikuwa anapungua. Akishika kiti kusimama, namuona anavyouma meno. Siku moja akaniita pembeni.

"Nereida, mwanangu... naogopa. Usiniache nianguke."

"Mwambie binti yako basi, mama!"

"Nikimkataa atarudi Tulum, sitamuona tena. Alishaninunia miaka, unajua."

Nikampeleka kwa mume wangu labda atamsikia mama yake. Mume gani? Wilberth keshakuwa mpiga picha wa dada yake, anaitwa meneja. Mbele ya kamera anatafuna karoti. Kamera ikizima anatokomea kona ya pili kula mkate wa nguruwe, anarudi anapangusa mdomo kwa mkono. Mwanaume mzima!

Nikaona hawa hawafai kuombwa. Nikaamua kivyangu.

"Leydi, mimi na mama tunaenda misa ya asubuhi."

"Nendeni, wifi. Mimi kanisa langu ni jua."

Vizuri sana! Baki na jua lako!

Basi tukawa tunaenda misa kila siku. Tunapita mlango wa kanisa, mama anapiga ishara ya msalaba bila kusimama, tunanyoosha mpaka sokoni. Huko anakula chaya iliyochemshwa ikakaangwa na mayai. Mbegu za maboga zilizosagwa na nyanya. Tortilla za moto, zile chapati za mahindi yaliyochemshwa na chokaa kama walivyochemsha bibi zake, na chokaa yenyewe ndiyo kalsiamu! Glasi ya maziwa. Na vidonge vipya, vinalala kwenye mkoba wangu. Tunarudi taratibu, upande wenye jua.

Mtaa mzima ukajua Doña Addy ameokoka upya.

Na yule mama akasimama! Akaacha kushika viti. Akaanza kufagia. Siku moja nikamkuta jikoni anapiga hatua za jarana peke yake, machozi yananitoka.

Unadhani sifa zilienda kwa nani?

"Mmeona?!" Leydi akawa analia mbele ya kamera. "Miezi yote hii hajagusa moto!"

Nikang'ata ulimi. Mama alikuwa ananikanyaga mguu chini ya meza.

Ikafika sikukuu ya mtakatifu wetu. Jarana uwanjani, wanawake na magauni meupe ya maua. Doña Addy akaomba sinia. Glasi zikapangwa, akaziweka kichwani, mgongo wima, akacheza! Miguu inagonga jukwaa, glasi hata hazitikisiki! Uwanja ukalipuka.

Leydi akaruka jukwaani, akanyakua kipaza sauti.

"Angalieni mifupa ambayo moto haujaigusa! Hii ndiyo chaya mbichi! Kesho nafungua darasa!"

Wazee wa watu wakaanza kusogea kujiandikisha. Wazee wenye nyonga zao!

"Ngoja nicheze na mama yangu!" akasema.

Akaruka, akagonga mguu chini kama wanavyogonga wachezaji...

Ka!

Akakaa chini. Mguu umepinda mahali ambapo mguu haupindi.

Nilicheka. Sitawadanganya, nilicheka kwa sauti.

Hospitalini daktari akaiangalia picha ya mfupa, akamwangalia Leydi, akaiangalia tena.

"Hii mifupa ni ya mama yako au yako?"

"Yangu..."

"Unakula nini?"

"Maembe, nazi, spinachi, chaya. Vyote vibichi."

"Dada, mtu anaweza kuishi kwa majani na mifupa ikawa mizima. Lakini anapanga. Anakula ufuta, sukuma wiki, anapima damu. Spinachi ina kalsiamu, ila inaing'ang'ania yenyewe, haikupi. Na chaya mbichi... wewe si wa hapa?"

Leydi akamgeukia mama yake, sauti ile ya kunong'ona imepotea kabisa.

"Mama... tulikuwa tunakula sawa. Mbona wewe hukuvunjika?"



Doña Addy akamshika uso kwa mikono miwili.

"Kwa sababu nilikuwa nakudanganya kila asubuhi, mwanangu."

Hapo ndipo nilipoelewa, jamani. Muda wote nilimdharau kama tapeli. Kumbe yule mjinga alikuwa anaamini! Kwenye nyumba nzima, aliyeishika ile dini ya kutopika alikuwa yeye peke yake.

Akalia. Kilio cha Leydi wa viatu, si cha Luz wa nani sijui.

Wilberth je? Yuko kwenye kona, macho kwenye simu. Alishairusha ile video, ameikata kabla ya "ka!"

"Futa," Leydi akamwambia.

"Dada, inapanda! Watu wanauliza darasa lini!"

"Nimesema futa, Wilberth! Kuna wazee watakunywa!"

"Mguu utapona. Nafasi kama hii hairudi."

Hajaifuta mpaka leo. Ndiyo maana naandika.

Mnaoisambaza kwa mama zenu, acheni. Anayetaka kuwa mla majani awe, sina ugomvi naye, ila aende kupimwa, asijifunzie mifupa kwa mtu mwenye shanga. Na ukiona anayekuuzia darasa amekaa nyuma ya kamera, muulize amekula nini mchana.

Saa hizi mama mkwe anachemsha chaya ya mgonjwa wake Leydi, mguu wenye plasta uko juu ya kiti, wanachekana wenyewe. Mume wangu amesimama mlangoni anauliza kama tumempikia na yeye.

Nimemkabidhi karoti.