Mgomba wa Michée

Jua la Julai lilikuwa limepanda juu ya ziwa, na bado barafu ilikuwa haijayeyuka. Lionel alifungua tena sanduku la vinywaji lililokuwa botini, akaviona vipande vile vingali na kona zake zote, akalifunga kwa kishindo.

"Angalau kuna kitu kimoja hapa kinachofanya kazi," alisema.

Tangu arudi Makobola kutoka Kanada, hakuna kilichompendeza. Barabara ya Fizi ilikuwa aibu. Boti la Nyandwi, alilolikodi kwa matembezi ya siku moja, lilikuwa beseni. Viboko wa mdomo wa mto Ruzizi, ambao wao watatu walisafiri asubuhi nzima kwenda kuwatazama, aliwaita nguruwe wanaooga.

"Minye nilipanda meli ya orofa kumi kule Alaska," alimwambia Nyandwi. "Barafu kubwa kama milima ya Itombwe inakatika, inaanguka baharini. Nyangumi wanaruka! Na weye unanionyesha masikio mbili ndani ya matope."

"Zile nyangumi zilikusalimia, patron?" Nyandwi aliuliza bila kugeuka.

Naomie alikuwa akimchekea kiboko aliyepiga miayo. Alikuwa binti wa pekee wa Lionel, mtoto wa miaka saba, na kiumbe pekee duniani ambacho baba yake hakukidharau. Alimleta ili bibi yake amwone.

Nyandwi yeye hakucheka. Tangu asubuhi alikuwa na neno kooni. Michée, mdogo wake Lionel, alizama wakati wa masika na ziwa halikumrudisha. Mtu wa namna hiyo, watu wa ukoo wao humzikia mgomba: hukata shina lenye urefu wake, hulifunga shuka nyeupe, na kaka mkubwa hulilaza kaburini, ili aliyezama apate mahali pa kulala. Shina hilo halipaswi kuguswa na maji. Mama yao, Célestine, alikuwa amekwisha kulifunga, akalilaza kivulini kumngoja Lionel. Lakini asubuhi ile boti lilikwama mchangani, na Lionel akaliona shina, akaliburuta, akalitia chini ya boti kama wavuvi watiavyo migomba ya kutelezeshea. Boti likateleza. Shina likatumbukia, shuka ikafunuka, mkondo ukalichukua.

"Mama anazika ndizi," alisema akijipangusa mikono. "Karne hii!"

Sasa Naomie aliacha kucheka. "Baba," alisema kwa Kifaransa, "nasikia baridi."

Lionel alimfunika kwa koti lake. Hapo ndipo harufu ilipokuja, harufu ya utomvu wa mgomba uliokatwa sasa hivi, mbichi na nzito, mahali ambapo palipaswa kunuka petroli na samaki wadogo wa ndagala. Mota ikazimika. Nyandwi alivuta kamba, akavuta tena, kisha akaiachia, kwa maana boti lilikuwa likienda lenyewe, likirudi kusini dhidi ya upepo, bila wimbi wala sauti, kama kitu kinachovutwa kutoka chini.

"Nani yule amekaa pale mbele?" mtoto alinong'ona.

"Hakuna mtu, chérie."

"Amelowa. Anasema hana pa kulala."

Nyandwi alijua Kifaransa cha kutosha. Alisogea karibu, akasema chini kwa chini, "Patron, ule ni mudogo wako. Muite jina yake. Mulilie, muombe samaha, umuahidi kaburi. Fanya mbio, kabla hajapata mwili ingine."

Lionel alimtazama kama mtu atazamavyo tope kwenye kiatu. "Weye ulisoma mpaka wapi?"

"Mulilie, patron! Atachukua huyu mutoto wako!"

"Rekebisha mota."

Na huku akisema hivyo aliona mvuke mweupe ukimtoka kinywani mwake mwenyewe, akaona ubao wa mbele, uliokuwa mkavu, ukiinuka kidogo na kutiririka maji kana kwamba aliyeukalia amesimama, na maji yale yakaja sakafuni, hatua kwa hatua, yakiganda yalipopita, yakampita Nyandwi aliyekuwa amejifunika uso, yakampita yeye mwenyewe, hata yakafika kwenye koti ambalo chini yake binti yake alikuwa akitetemeka, naye Lionel akafungua kinywa kuliita jina la ndugu yake, akaona haya mbele ya mwenye boti, akakifunga.

Koti likatulia.

Mota ikawaka. Joto likarudi, na harufu ya petroli pia.

"Unaona?" Lionel alisema, akicheka kwa sauti kubwa mno. "Mota mbovu. Basi."

Nyandwi alishika usukani, akalielekeza boti moja kwa moja Makobola bila kulitazama lile koti.

Boti lilipogusa mchanga, Naomie alishuka bila kushika mkono wa baba yake. Alipanda njia ya nyumbani pasipo kuuliza, akaingia jikoni, akakaa chini karibu na jiko.

"Mama," alimwambia Célestine, mtoto yule ambaye hakujua Kiswahili zaidi ya salamu, "minye niko na njaa. Mikebuka iko?"

Mwiko ulimdondoka bibi: hivyo ndivyo Michée alivyokuwa akiomba samaki wake kila aliporudi ziwani.

"Naomie!" Lionel aliita kutoka mlangoni. "Njoo hapa. Naomie!"

Mtoto aligeuka. Alimtazama kuanzia viatu hadi nywele, taratibu, pasipo haraka yoyote, kisha akasonya.

"Mama, ule muntu ni nani?"

Célestine alikuwa amekwisha kuinama motoni, anampashia Michée samaki, uso umemjaa furaha.