Punje Iliyokataa Moto

"Pikipiki mbili nyuma yako," redio ikakoroma. "Ndege ya Broka inaruka saa saba mchana. Bila ushahidi, forodha wanamwachia."

"Nimesikia."

Sindano alikanyaga mafuta. Kioo cha nyuma cha gari kikapasuka kwa risasi. Akapinda ghafla kwenye uchochoro wa maghala, pikipiki zikapitiliza na kujibamiza kwenye lori la saruji.

Pajani alikuwa na jiwe jeusi alilolichomoa kwenye kreti za Broka.

Shangazi yake, mjiolojia aliyemlea na kumsomesha, alishtakiwa kuiba mawe hayo ya madini kwenye ghala la serikali, kwa kuwa funguo zilikuwa zake. Usiku huo angelala rumande. Roho ilimuuma Sindano kuliko jeraha lolote la kazini.

Broka, mwizi halisi, naye hakuwa mjinga. Aliyapika mawe tanuruni siku tatu hadi yakawa meusi, akayaandikia karatasi kwamba yametoka kwenye volkano changa ya nchi jirani.

Maabara. Kitambulisho cha Shangazi na funguo za ghala wakubwa wake walishavichukua, lakini koti lake jeupe alilivaa hivyo hivyo, na asiyependa akanywe maji. Alisaga jiwe, akachuja, akabaki na punje ndogo kuliko chembe ya chumvi.

"Zirkoni, fuwele ngumu ya ndani ya jiwe," alisema. "Ikizaliwa inapokea urani, inakataa madini ya risasi. Kwa hiyo risasi iliyomo ni urani iliyooza humohumo. Nusu yake huoza kwa miaka bilioni nne na nusu, huwezi kuiharakisha. Tunapima iliyobaki na iliyogeuka, tunapata umri."

"Na moto wa Broka, shangazi?"

"Angepika hata mwaka mzima. Punje hii haimtambui."

Leza ikapiga. Namba ikatokea kwenye skrini: miaka milioni mia sita na kumi na mbili.

Ndiyo umri ulioandikwa kwenye daftari la ghala. Volkano ya jirani haifiki miaka milioni mbili.

Saa saba kasoro dakika tatu, Broka alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi ya ndege. Maofisa wa forodha walisimama kando, mikono mitupu.

"Binti, mawe yangu yana karatasi zote," alisema. "Wewe umeleta nini?"

Sindano akamkabidhi ofisa matokeo ya maabara.

"Cheti cha kuzaliwa. Mawe ni ya ghalani. Na karatasi za uongo zina sahihi yako, si ya shangazi yangu."

Pingu zikafungwa.

Sindano alivaa miwani, akapiga simu akitembea.

"Shangazi, usivue koti. Nakuletea funguo zako."