Ikikuboa, Nishike Mimi

Kuna mtu alikuwa akikunja pembe za vitabu katika duka la Zephaniah, karibu na stesheni ya Voi. Si vitabu vya shule, ambavyo kila mtu hukunja. Ni riwaya mpya kutoka Nairobi, zikinuka gundi bado, ambazo katika duka lile hakuna aliyewahi kuzifungua, hata mwenye duka mwenyewe. Ukurasa ulikunjwa pale msomaji alipochoka. Na alichoka mapema.

Zephaniah alijiita mshauri wa wasomaji wa Voi. Mshauri! Alisoma maneno ya nyuma ya jalada tu, akajikuna kidevu, kisha akabandika kadi chini ya kila riwaya: "Nimeisoma mpaka mwisho. Ikikuboa, nishike mimi." Abiria waliokuwa wakikimbilia treni walimwamini, maskini, wakapiga miayo mpaka Mombasa.

"Jemimah, ni wewe unakunja hizi?" alimuuliza mkewe.

"Nizisome za nini? Wewe mwenyewe hujazisoma."

Alicheka. Aliona ni sifa.

Asubuhi moja alikuwa akiandika kadi nyingine, kalamu ikienda yenyewe kwa mazoea, mara duka likajaa harufu ya nywele zilizoungua, na nyuma yake, kwenye rafu ambayo hakuna upepo uliofika, kurasa zikaanza kufunuliwa moja baada ya nyingine, taratibu, kama na mtu anayesoma kwa hasira, mpaka zikanyamaza, na kabla hajageuka vidole vya baridi ambavyo hakuviona vikamshika kifundo cha mkono wa kulia na havikumwachilia.

Kila alipoandika kadi, vidole vilipanda. Vilifika kwenye kiwiko. Chini yake mkono ulikufa ganzi, ukawa wa kijivu, na Jemimah alilazimika kumkatia ugali.

"Twende kwa Mumbe," mkewe alinong'ona. "Vikifika shingoni je?"

Mumbe alikuwa mganga kutoka Kishushe, akiuza miti shamba karibu na soko. Hakupiga ramli wala hakufukiza chochote. Aliomba aone kadi.

"Hii umeandika wewe?"

"Ni maneno ya biashara tu, mama."

"Umemwambia, ikimboa, akushike. Imemboa. Amekushika." Mumbe alimrudishia kadi kwa ncha za vidole, kama kitu kichafu. "Jini anayesoma dukani kwako ameheshimu maneno yako kuliko wewe mwenyewe. Bandua kadi zote. Na mteja akikuuliza, mwambie: sijaisoma."

"Basi?"

"Basi. Lakini wewe nakuona, itakushinda."

Haikumshinda, mwanzoni. Kadi zilichomwa. Mteja alipouliza, Zephaniah alitazama sakafu akasema, "Sijaisoma," na kila aliposema, kidole kimoja kililegea. Damu ilirudi. Jioni alishika kijiko mwenyewe, akajisifu kwa majirani kwamba amemshinda jini. Mjinga hapungukiwi na majivuno.

Kesho yake akaingia Christine, mwalimu wa Kaloleni, aliyekuwa ameandika riwaya yake ya kwanza. Alikuwa amemwachia Zephaniah nakala muda mrefu uliopita. Nakala ile ilikuwa chini ya birika la chai, ina duara la majimaji kwenye jalada.

"Samahani kukusumbua," Christine alisema. "Uliisoma? Niambie ukweli tu."

Jemimah alimtazama mumewe kutoka mlangoni, akatikisa kichwa polepole. Zephaniah neno lenyewe alilijua. Alikuwa amelisema kutwa nzima ya jana kwa watu asiowajua. Lakini huyu alikuwa mwandishi, akimtazama yeye kama mtu wa maana, na Zephaniah hakuwahi kuvumilia kuonekana mdogo.

"Mwalimu!" alisema, akatabasamu. "Nimeimaliza juzi. Sikuweza kuiweka chini."

Harufu ya nywele zilizoungua ikaja. Nakala chini ya birika ikaanza kufunuliwa, ukurasa baada ya ukurasa, chai ikimwagika mezani, Christine akirudi nyuma na mkono mdomoni, na vidole, ambavyo safari hii havikuhangaika na kifundo wala kiwiko, vikajikunja moja kwa moja kwenye koo la Zephaniah, vyote kwa pamoja, vikakaza.

"Sema!" Jemimah alilia. "Mwambie hujaisoma!"

Alifungua mdomo. Alitaka kulisema kwa moyo wote, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Koo halikutoa sauti.

Juu ya meza, kurasa ziliendelea kufunuliwa. Hakuna hata moja iliyokunjwa. Riwaya hii ilikuwa ikimpendeza jini.