Hapa Anakaa Nani?

Swii... swii... swii.

Umesikia? Kama kitambaa kinasugua bati, taratibu, kwa kuzungusha. Usiku ukishakolea ndipo inaanza. Na uani hakuna gari! Gari liko kituo cha polisi, limekunjamana kama karatasi, halina hata mlango wa kusugua. Na bado...

Swii... swii.

Ngoja nianze mwanzo, nisije nikavuruga.

Ilikuwa jioni, jua linazama, ule upepo wetu wa mwezi wa saba unachoma masikio. Mume wangu Yusto alikuwa shambani kwao anavuna mahindi, gari kaliacha nyumbani hapa Kizwite. Jumapili tulikuwa tunambatiza mtoto, nikasema gari haliendi kanisani na ile mikwaruzo. Maana lilikuwa na mikwaruzo, vimistari vitatu vitatu, vifupi, chini ya vitasa. Mlango wa dereva, mlango wangu wa mbele, na mlango wa nyuma anapolala mtoto. Yusto alisema ni miiba ya njia ya Ilemba. Miiba gani inakwaruza tatu tatu? Lakini niliamini.

Nilikuwa nimeona kwenye simu kwamba mkwaruzo mwepesi unatoka kwa dawa ya meno nyeupe. Nikambeba mtoto mgongoni mpaka dukani kwa Evans.

"Kubwa yote hiyo, shemeji? Kwani mna meno mangapi?"

"Ya gari."

"Mh! Siku hizi gari nalo linapiga mswaki?"

Nikacheka. Nafikiri sijacheka tena tangu pale.

Nikaosha milango kwa maji ya sabuni, nikaikausha. Unapitisha kucha kwanza. Ikiteleza, mkwaruzo uko juu juu, utatoka. Ikinasa, umeingia ndani, huo mwachie fundi rangi. Nikapitisha kwenye mlango wa dereva. Ikateleza. Nikapaka dawa, nikaanza kusugua.

"Unasugua vibaya, mwanangu."

Sikusikia geti. Bibi mmoja, kitenge kimefunika kichwa mpaka kwenye nyusi, amesimama karibu yangu kabisa.

"Shikamoo, bibi."

Hakuitikia. Nikadhani masikio. Akakichukua kitambaa mkononi mwangu.

"Duara ndogo. Usikandamize. Hivi."

Swii... swii.

"Hapa anakaa nani?"

"Mume wangu."

"Ana jina."

"Yusto."

Akawa anasugua huku analitaja, kwa kunong'ona, Yusto... Yusto... mpaka vimistari vikaisha. Rangi iling'aa nikauona uso wangu. Wa kwake sikuuona, lakini giza lilikuwa linaingia, nikasema ni giza.

Akaenda mlango wa nyuma.

"Na hapa?"

"Huyu mtoto."

"Ana jina."

Nikalitaja. Mungu wangu, nililitaja lote, mpaka la ubatizo, tena kwa furaha. Akalisugua nalo likaisha.

Kwenye mlango wangu akapitisha kucha.

Tk.

Ilinasa.

Akautazama ule mkwaruzo kama mtu aliyenyimwa chakula. "Huu umeingia ndani," akasema. "Hautoki. Basi wewe utabaki."

Akanirudishia kitambaa, ndipo nikaviona viganja vyake. Laini kama sahani. Havina mstari hata mmoja... Nikainama kushika ndoo. Nilipoinuka hakuwepo, na geti lilikuwa limefungwa komeo kwa ndani.

Yusto alirudi usiku. Sikumwambia kitu, nilitaka aione milango mwenyewe, afurahi. Asubuhi akaondoka kabla hakujapambazuka, anashuka bondeni kufuata mchele wa sherehe. Milango hakuitazama.

Kwenye kona za mteremko gari likaacha barabara. Hakuna aliyemgonga. Waliokuwa nyuma yake walisema lilikwenda tu, kama limeteleza.

Nikaitwa kumtambua. Yusto alikuwa na chale kifuani tangu utoto, nazijua kwa vidole vyangu. Hazikuwepo. Kifua kizima laini, kinang'aa. Mtu katoka kwenye gari lililokunjamana, hana hata mchubuko! Na ile harufu...

Dawa ya meno.

Tulipomaliza kuzika, mama mkwe wangu, mama Dominika, akanivuta jikoni. Akanong'ona.

"Zile za milangoni nani kazifuta?"

"Mikwaruzo?"

"Zile ni chale, mwanangu. Baba yake Yusto alifia mteremko ule ule, nikasema mtoto wangu hapana. Gari lilichanjwa. Kila mlango na mtu wake."

"Mbona Yusto hakuniambia?"

"Umesoma. Aliogopa utamcheka."

Nikaanza kumsimulia yule bibi. Sijafika mbali akanikatiza.

"Viganja vyake vilikuwa na mistari?"

Nikatikisa kichwa. Mama akakaa chini pale pale, kwenye majivu. Nikamuuliza ni nani yule. Hajanijibu mpaka leo.

"Sasa wangu mbona haukutoka, mama?"

"Mganga alipitisha wembe juu juu tu, milango yote. Wako nikaurudia mwenyewe, nikakandamiza." Alikuwa analia. "Ninyi mmehamia huku juzi tu na ng'ombe wenu, hapa huna ukoo. Nikasema huyu hana mtu, wake uwe wa kina."

Kwa hiyo nilipendwa. Ndiyo maana nimebaki.

Akatafuta wembe mpya amchanje mtoto upya, kwenye mwili wenyewe. Wembe ukateleza. Akarudia, ukateleza. Ngozi haikushika kabisa, na mtoto hakulia, alikuwa anatuangalia tu anacheka. Nikamfungua kiganja. Mistari ilikuwa inafifia.

"Jina lake usilitaje tena," mama akasema. "Popote. Kila ukilitaja unampa yule pa kusugulia."

Lakini ubatizo? Tulimpeleka, tungefanyaje, tulidhani maji yale yatamshika. Padri akaja mbele yetu akauliza kama anavyouliza wazazi wote:

"Mmempa mtoto huyu jina gani?"

Mama akanibana mkono. Padri akarudia, kwa upole, akadhani ni msiba unanikaba. Hata nilifikiri nimpe jina jingine, lolote, la uongo...

Nyuma yangu, karibu na sikio, sauti ikanong'ona.

"Ana jina."

Sikugeuka. Nilitoka kanisani mbio na mtoto wangu mkavu.

Sasa amelala hapa ubavuni. Sauti haiko uani tena, iko humu humu chumbani, na shuka linanuka dawa ya meno. Simwiti jina. Nilikuwa namwita "mama", siku hizi hata kwa hilo hageuki. Leo nimekifungua kiganja chake kwenye mwanga wa simu. Umebaki mstari mmoja, mfupi. Nimepitisha kucha yangu juu yake, taratibu.

Imeteleza.

Ukikutana nami usiniulize mtoto anaitwa nani. Nimekueleza wewe haya, na jina umeona sijakupa. Padri akiuliza tena, mama yangu mzazi akiuliza, hata huyo anayesugua akija kuniuliza usoni, naapa... simwambii mtu tena.