Nusu Dozi ya Baba

Kila asubuhi nilikuwa nashona sare za shule sebuleni, sikio langu moja liko chumbani kwa Baba. Baba ni mwashi. Kuta nyingi za mtaa huu kazijenga yeye, na hachoki kukukumbusha. Lakini saratani ilikuwa imeingia kwenye mifupa yake. Kumvalisha shati tu ilikuwa kazi ya nusu saa.

Hospitali walimwandikia morfini, dawa ya maji ya kutuliza maumivu makali. Maagizo yalikuwa wazi: mililita tano kila baada ya saa nne. Mimi nilishika zamu ya mchana. Kaka yangu, fundi wa kuchomelea vyuma, akashika zamu ya usiku.

Sasa niseme ukweli, aibu yake nimeshaimeza. Niliposikia neno morfini, nilishikwa na woga. Mtaani kwetu tumezika vijana walioharibiwa na madawa ya kulevya. Nikajiambia, Baba hawezi kuwa teja mikononi mwangu. Na je, nikimpa akalala moja kwa moja? Basi nikawa nampimia mililita mbili na nusu. Sikumwambia mtu.

Baba akawa hali, halali. Alikuwa anauma shuka ili tusimsikie. Nilimsikia. Nikawa nakanyaga cherehani kwa nguvu zaidi.

Siku ya kumi alikuja muuguzi anayetembelea wagonjwa majumbani, mama mpole lakini asiyependa kuzungushwa. Akamwuliza Baba, kati ya sifuri na kumi, maumivu yamefika ngapi. Baba akasema tisa, kumi anaiweka akiba. Muuguzi hakucheka. Akatuuliza kama dozi anapata yote. Mimi na kaka tukaitikia kwa pamoja kwamba anapata.

"Basi haimtoshi," akasema. "Ngoja nimpigie daktari aipandishe."

Wakiipandisha kwa sababu ya uongo wangu, halafu siku moja mtu akampimia sawasawa, itakuwaje? Ningemuua kwa woga wangu mwenyewe. Simu ilikuwa inaita tayari.

"Kata kwanza, Sista," nikasema. "Mimi nampa nusu."

Akakata. Kaka, mwanaume mzima anayeshinda na moto kutwa, akainamisha kichwa.

"Na mimi nisipomsikia akilia, simpi kabisa."

Tukatazamana. Kila mmoja alikuwa anaamini mwenzake anatoa dozi kamili.

Muuguzi hakutugombeza. Alivuta kiti akatueleza taratibu. Kutumia morfini kwa maumivu ya saratani, kama daktari alivyoandika na huku mgonjwa anaangaliwa, si uteja. Dawa inafuata saa, haingoji kilio, kwa sababu maumivu yakishapanda kuyashusha ni kazi. Siku za mwanzo mgonjwa anaweza kusinzia. Choo huwa kigumu, ndiyo maana alipewa na dawa ya kulainisha choo. Chupa ifungiwe, na asiinywe mtu mwingine yeyote.

"Mkimwita haamki, au anapumua polepole sana, msimpe nyingine. Nipigieni hapo hapo," akasema. "Mkiogopa, hofu mniletee mimi. Msipunguze dozi kimya kimya, wala msiongeze."

Akampigia daktari, akamwambia yote. Daktari akasema dozi isipandishwe. Tuanze na mililita tano zile zile, kwa saa zake, na muuguzi arudi kesho kumwangalia.

Nilimpa Baba dozi kamili muuguzi akiwa pembeni yangu. Baadaye Baba akalala. Niliacha kushona, nikakaa kumtazama kifua. Niliogopa jamani, siwezi kudanganya. Kila alipovuta pumzi, na mimi nilivuta. Nikamgusa bega, akafungua macho akaniuliza ninamtafutia nini. Nikapumua.

Siku ya tatu ya dozi kamili alimwambia muuguzi maumivu yameshuka hadi tatu. Alikunywa chai kikombe kizima, akaikosoa kwamba haina sukari. Kisha akaitazama chupa mkononi mwangu.

"Dawa ni hii hii?" akaniuliza. "Siku zote zile ilikuwa humu ndani?"

Nikamwambia ndiyo, Baba, ilikuwemo, mimi ndiye niliyeipunguza. Machozi yalinitoka mbele yake.

Aliniomba nimsaidie ageukie upande wa kushoto, upande ambao mwezi mzima alikuwa hawezi kuulalia. Akageuka, akalala.